Herufi K kwenye Injini ya Vitz

Aprili 2014 Toyota iliifanyia Vitz ya kizazi cha tatu mabadiliko ya katikati ya maisha yake, na watu wengi waliona bampa na taa tu. Pua ilichongoka, dashibodi ikapendezeshwa, basi. Kumbe badiliko lenye thamani kwa mnunuzi lilikuwa chini ya boneti. Hadi leo wauzaji wengi wa magari yaliyotumika hutaja mwaka, rangi na rimu, wasiseme neno juu yake. Katika gari la lita 1.3, injini ya 1NR-FE iliipisha 1NR-FKE. Herufi moja imeongezeka, lakini ndani yake kuna wazo la miaka ya 1880 lililosubiri zaidi ya karne moja kufika kwenye gari la mtu wa kipato cha kawaida.

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Sehemu kubwa ya nishati hiyo haifiki kwenye matairi. Hutoroka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Mhandisi Mwingereza James Atkinson aliona hasara moja mahususi. Katika injini ya kawaida pistoni hupanda kugandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta, kisha mlipuko huisukuma chini kwa umbali uleule. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi bado ina shinikizo, na nguvu hiyo yote inakwenda bure. Atkinson alitaka gesi isukume kwa umbali mrefu kuliko ule iliogandamiziwa. Alifanikiwa kwa kuunga vyuma vingi vya kukunjana, mtambo mzito usioweza kuzunguka kwa kasi.

Toyota ilifika palepale kwa njia nyepesi. Valvu ya kuingizia hewa huachwa wazi hata baada ya pistoni kuanza kupanda, na sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia hurudishwa nje. Mgandamizo wa kweli huanza kwa kuchelewa, ilhali msukumo wa kushuka hutumia umbali wote. Kwa hiyo wahandisi waliweza kupandisha uwiano wa mgandamizo hadi 13.5 kwa 1. Kiwango hicho kwa kawaida kingefanya mafuta yajilipue kabla ya wakati na injini igonge. Moshi uliopozwa nao hurudishwa ndani ya silinda kupunguza joto la mwako. Toyota ilitangaza kwamba injini hii, katika hali yake bora, hugeuza asilimia 38 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Kwa injini ya petroli isiyosaidiwa na mota ya umeme, hilo lilikuwa jambo kubwa, na naamini lilistahili sifa kuliko lilivyopata.

Kwenye karatasi, gari hili lilipewa kilomita 25.0 kwa lita. Kipimo kilichotumika Japani wakati huo, JC08, hufanyika ndani ya maabara, matairi yakizunguka juu ya rola, wastani wa mwendo ukiwa kilomita 24 hivi kwa saa na kilele kama 82, kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mlima, hakuna tuta wala shimo. Anayetoka Mbagala kwenda Posta jijini Dar es Salaam asubuhi asiitarajie namba hiyo, na asimlaumu fundi akiikosa.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Gari na dereva wakiwa na uzito wa kilo 1,100 hivi, kulifikisha kilomita 50 kwa saa kutoka kusimama kunahitaji takriban kilojuli 106. Katika foleni injini haifanyi kazi kwenye kilele chake. Tukadirie kwamba inageuza moja ya tano tu ya nishati. Hapo kila kuondoka kunakula mililita 16 au 17 za petroli, yaani vijiko vitatu vya chai na zaidi. Ukikanyaga breki, zile kilojuli 106 zinakuwa joto la breki. Atkinson hana msaada hapo. Mfumo wa kuzima injini gari likisimama huokoa mafuta ya kusubiri tu, tena unahitaji betri maalumu, ghali kuliko ya kawaida.

Anayeweza kuokoa nishati hiyo ni haibridi, iliyoingia katika badiliko la pili, Januari 2017. Mota yake huwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo, na sehemu ya zile kilojuli 106 hurudi kwenye betri. Kipimo kilekile kiliipa kilomita 34.4 kwa lita. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo Vitz zinazoweza kushushwa Mombasa siku hizi ni za baada ya badiliko hili la pili, na mnunuzi wa Nairobi ana chaguo hilo kweli.

Nairobi pia ina jambo lake. Kwenye mita 1,700 juu ya bahari hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 15, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Vitz ya lita 1.0 yenye nguvu farasi 69 inabaki na 59 hivi. Weka abiria wanne na mizigo, panda kutoka Naivasha, utaisikia ikilia. Ile ya 1.3 huanza na 99. Tanzania nako, kwa miaka mingi gari lisilozidi 1000 cc limesamehewa ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, na la juu kidogo hutozwa asilimia 5. Vitz ndogo ina 996 cc, na msamaha huo umewavuta wengi. Kwa anayezunguka Dar es Salaam tu, sawa. Kwa anayepandisha Kitonga kila sikukuu kwenda Mbeya, ningelipa ile asilimia 5 bila kusita.

Usinunue kwa sura, maana bampa na taa hubadilishwa gereji kwa siku moja. Soma kibati cha gari: KSP130 ni ya lita 1.0, NSP130 ni ya 1.3, NHP130 ni haibridi. Kwa 1.3 hakikisha injini yenyewe imeandikwa 1NR-FKE. Uliza giaboksi ya CVT ilibadilishwa oili lini na oili gani, kwa kuwa oili ya giaboksi za kawaida haiifai. Kioo cha mbele kikiwa kimebadilishwa kwenye gari lenye kamera ya usalama, kamera hiyo inatakiwa kupimwa upya. Na kwa haibridi, tafuta tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma. Feni hufyonza hewa hapo kupoza betri, vumbi la barabara za changarawe huliziba, na joto ndilo linalofupisha maisha ya betri hizi za nikeli. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache. Kubadilisha betri kunaweza kumeza akiba yote ya mafuta uliyoipata kwa miaka.