Lisbon, Jiji la Mapumziko ya Wawili

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na pale mto huo unapoingia katika Bahari ya Atlantiki. Jiji lenyewe lina wakazi zaidi ya laki tano. Pamoja na miji inayolizunguka, idadi hukaribia milioni tatu. Kwa wanandoa au wachumba wanaotaka siku mbili tatu za kuwa pamoja mbali na shughuli, Lisbon inafaa kuliko miji mikuu mingi ya Ulaya. Mitaa yake mikongwe iko karibukaribu, jua halikosekani kwa sehemu kubwa ya mwaka, na malazi na chakula mara nyingi ni nafuu kuliko Paris au London.

Majira mazuri ya kwenda ni kuanzia Aprili hadi Juni, kisha Septemba na Oktoba. Julai na Agosti kuna joto kali na msongamano wa watalii. Kuanzia Novemba mvua hunyesha mara kwa mara, ingawa vyumba huwa rahisi kupatikana.

Msafiri anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kwa kawaida hubadilisha ndege Istanbul, Dubai au katika mji mmojawapo wa Ulaya, na safari hiyo humla sehemu kubwa ya siku. Ndiyo maana wikendi ya Lisbon humfaa zaidi mtu anayeishi Ulaya, au anayeiunganisha na safari ndefu ya kikazi, ya kifamilia au ya fungate. Kutoka London, ndege huchukua chini kidogo ya saa tatu. Uwanja wa ndege uko ndani ya jiji, na treni ya chini ya ardhi huanzia hapohapo.

Ureno imo katika eneo la Schengen. Wenye pasipoti za nchi za Afrika Mashariki wanahitaji viza, na kibali cha kuishi Uingereza hakiwaondolei sharti hilo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala hayatakiwi kuchelewa hadi zibaki chini ya siku 15. Bima ya safari inayogharimia matibabu yasiyopungua euro 30,000 ni ya lazima. Anayeishi kwa kibali halali katika nchi nyingine ya Schengen haombi viza.

Uchaguzi wa mtaa wa kulala una uzito zaidi kuliko uchaguzi wa hoteli. Baixa ni eneo tambarare katikati ya jiji. Liliharibiwa na tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, likajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka chini ya usimamizi wa waziri aliyejulikana baadaye kama Marquês de Pombal. Chiado, juu yake kidogo, ni mtaa wa maduka ya vitabu, migahawa na kumbi za maonyesho. Bairro Alto hukesha kwa kelele za baa. Alfama, uliookoka sehemu kubwa katika tetemeko lile, ndio mtaa mzuri kuliko yote kwa macho, lakini vichochoro na ngazi zake havipitiki kwa gari, na mizigo hubebwa mkononi. Busara ni kulala Baixa au Chiado na kuitembelea Alfama kwa miguu. Viatu vya raba vinahitajika, kwa kuwa njia zimesakafiwa kwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyong'arishwa na nyayo, na mvua ikigusa huteleza sana.

Jioni ya kwanza hutumika vizuri zaidi kileleni. Lisbon ina viwanja vingi vya kutazamia mandhari, ambavyo wenyeji huviita miradouro. Senhora do Monte ni miongoni mwa vilivyo juu zaidi: kutoka hapo huonekana ngome ya São Jorge, mapaa mekundu ya jiji zima, mto, na daraja la 25 de Abril lililofunguliwa 1966. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, hivyo wawili wanaweza kula mapema na bado wakaliwahi.

Asubuhi ya Jumamosi ni ya Alfama na ngome yake, ambayo mfalme Afonso Henriques aliiteka kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Tramu namba 28 hupita huko, lakini kuanzia katikati ya asubuhi hujaa watu, na wezi wa mifukoni huipenda. Heri kuipanda alfajiri au kutembea.

Mchana ni wa Belém, upande wa magharibi. Katika monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, limo kaburi la Vasco da Gama. Jirani yake kuna duka ambalo tangu 1837 huuza vitobosha vya maziwa na mayai, vikiliwa vya moto kwa mdalasini na sukari ya unga.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kusimama njiani, katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kale. Humo kuna chombo cha ibada cha dhahabu, Custódia de Belém, kilichokamilika 1506. Katikati yake mitume 12 wamepiga magoti, wakiwa wamepakwa rangi za kioo, na kila uso una sura yake. Dhahabu hiyo ilitoka Kilwa: mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa mji huo kuilipa kama kodi kwa mfalme wa Ureno, akimtishia kwa mizinga. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na ni ushahidi wa dhuluma. Inastahili kutazamwa kwa mambo yote mawili. Majumba mengi ya makumbusho hufungwa Jumatatu.

Usiku wa Jumamosi ni wa fado, muziki uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2011. Mwimbaji husimama mbele ya gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 na gitaa la kawaida. Taa hupunguzwa, sahani huacha kuletwa, na kuzungumza wakati wa kuimba ni utovu wa adabu. Migahawa ya fado ya Alfama ina viti vichache, hivyo meza huwekwa mapema. Mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa bila kuagizwa hulipiwa vikiliwa; asiyevitaka huvirudisha. Samaki wamejaa katika kila mgahawa, lakini supu ya caldo verde huwekwa soseji ya nguruwe. Chakula cha halali hupatikana katika eneo la Martim Moniz.

Jumapili inatosha kwa Sintra. Treni kutoka kituo cha Rossio huchukua kama dakika 40 hadi kwenye mji huo wa milimani, wenye misitu, ukungu na jumba la Pena lililojengwa na mfalme Ferdinand wa Pili katika karne ya 19. Tiketi ya jumba huwa na saa maalumu ya kuingia.

Wanaoweza kuchagua tarehe waifikirie sikukuu ya Santo António, usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni. Mtakatifu huyo, mzaliwa wa Lisbon, huaminiwa kuwa mwombezi wa wachumba, na jiji huozesha maharusi kadhaa kwa pamoja, desturi iliyoanza 1958. Vijana huwapa wapenzi wao chungu cha mrehani wenye majani madogo, kilichochomekwa ua la karatasi na beti fupi. Mrehani huo hauinamiwi kwa pua: hupapaswa kwa kiganja, kisha kiganja ndicho hunuswa. Vyumba vya usiku huo hujaa miezi kabla.

Wanaokusudia safari hii waanze na viza, wafuatishe chumba, meza ya fado na tiketi ya Pena, na saa zinazobaki waziache bila ratiba, kwani Lisbon huwafaa zaidi wawili wasio na haraka.