Afisa wa Uhamiaji, Amana ya Mpaka na Haki ya Mgeni

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake. Ama ba'ad.

Ndugu Waislamu, tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara na wazazi wenye vijana waliopata au wanaotafuta kazi katika Idara ya Uhamiaji: je, kazi hii ina hatari gani kwa dini ya mtu? Swali ni zito, kwani mhuri wa afisa mmoja unaweza kumtenganisha mume na mke, au mama na mwanawe. Tunataka kulieleza kwa mifano inayojulikana, kisha tuseme sheria ya dini inasemaje.

Kabla ya kuendelea tunakumbusha kwamba ghiba ni haramu. Tutakayoyataja kuhusu kiongozi yeyote ni yale yaliyotamkwa mahakamani au mbele ya umma. Nia yake tunamwachia Mola wake.

Mfano wa Kenya, 2018

Gordon Kihalangwa alikuwa Meja Jenerali katika jeshi la Kenya. Baada ya kustaafu aliongoza Idara ya Uhamiaji, kisha akawa Katibu wa Wizara anayesimamia uhamiaji. Mwanzoni mwa 2018 wakili Miguna Miguna, aliyeshiriki katika kiapo cha Raila Odinga cha tarehe 30 Januari, alikamatwa na kupelekwa Canada. Serikali ilisema amepoteza uraia kwa kuchukua uraia wa nchi hiyo. Aliporudi Nairobi mwezi wa Machi, maafisa walimtaka afuate taratibu zao za kuingia, naye akakataa, akisema yeye ni Mkenya wa kuzaliwa. Alizuiliwa uwanja wa ndege, mahakama ikaamuru aachiwe, lakini akasafirishwa hadi Dubai.

Jaji George Odunga aliwakuta Waziri Fred Matiang'i, mkuu wa polisi Joseph Boinnet na Kihalangwa na hatia ya kudharau mahakama, na kila mmoja akatozwa faini ya Shilingi 200,000 za Kenya. Mwezi wa Disemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba haki za Miguna zilivunjwa, na akaamuru alipwe fidia ya zaidi ya Shilingi milioni 7. Hata hivyo, Miguna hakukanyaga nyumbani hadi Oktoba 2022. Kihalangwa yeye aliendelea na utumishi katika wizara nyengine.

Hatuyasemi haya kwa kumuunga mkono mwanasiasa yeyote. Tunataka msomaji aone jinsi kazi ya miaka mingi inavyoweza kukumbukwa kwa siku chache za uamuzi. Tena aliyeonewa hapa ni wakili, anayejua mlango wa mahakama na anayeandikwa magazetini. Je, asiyekuwa na hayo?

Mabawe na watu wa mpakani

Tuangalie kata ya Mabawe, wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Wenyeji wake wengi ni Wahangaza, na Kihangaza kinakaribiana mno na Kirundi na Kinyarwanda. Ndoa, mashamba na minada vimewaunganisha watu wa pande zote tangu kabla ya wakoloni kuchora mpaka. Wilaya hii ndiyo iliyopokea Wanyarwanda wapatao 250,000 kupitia Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili 1994.

Mwezi wa Septemba 2013 serikali yetu ilianzisha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ikihusisha jeshi, polisi na uhamiaji. Sababu ilikuwapo: ujambazi wa silaha, utekaji wa magari na mifugo iliyoingizwa bila ya kibali. Kiongozi ana haki, bali ana wajibu, wa kulinda raia wake. Lakini katika maelfu waliovushwa mpaka walikuwamo waliozaliwa hapa, na wanaume waliowaacha wake na watoto Watanzania nyuma yao. Kwa sheria yetu ya uraia ya 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa njia ya ndoa, ila mwanamme wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo.

Hebu fikiria mzee wa Mabawe asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa, ambaye lugha yake inafanana na ya jirani. Ushahidi wake ni wazee wenzake na makaburi ya babu zake. Afisa asiposubiri kuusikiliza ushahidi huo, atahukumu kwa lafudhi na sura.

Sisi wa visiwani tusidhani jambo hili liko mbali. Wapemba waliohamia pwani ya Kenya, wengi wao wavuvi, waliishi miongo mingi bila ya uraia wa nchi yoyote, wao na watoto wao waliozaliwa Kwale na Kilifi, hadi serikali ya Kenya ilipowatambua 2023. Hao ni ndugu zetu wa damu.

Dini inasemaje?

Kwanza, cheo ni amana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu. Watu, si Waislamu tu wala raia tu. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa aya za 105 na kuendelea katika Sura hiyo ziliteremka kumsafisha Yahudi aliyesingiziwa wizi na watu wa Madina. Mgeni alipokuwa na haki, Qur-aan ilisimama naye.

Pili, chuki haihalalishi dhulma. Hili limo katika Suratul-Maaidah, aya ya 8.

Tatu, zawadi za kazini. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimtuma Ibn al-Lutbiyyah kukusanya Zaka. Aliporudi alitenga sehemu akasema amezawadiwa yeye. Mtume akakasirika, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Afisa wa mpakani apime kila bahasha kwa mizani hiyo.

Nne, aliyelazimishwa kutoa. Rushwa ya kupata kisichokuwa haki yako ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji. Ama aliyezuiliwa haki yake iliyo wazi, akajaribu njia zote za halali na asipate, Maulamaa wengi wamesema dhambi iko kwa mpokeaji. Hii ni dharura, isigeuzwe mazoea.

Tano, amri ya mkubwa. Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Afisa anayejua kuwa mtu ana haki, au kuwa mahakama imeamuru vyengine, hatosalimika Siku ya Kiyama kwa kusema alitumwa.

Nasaha zetu

Kijana anayeingia kazi hii aingie, kwani Waislamu waadilifu wanahitajika hapo. Asome sheria, aandike sababu ya kila uamuzi, asikilize mashahidi kabla ya kuamua, wala asimtenganishe mtoto na mzazi wake kwa shaka. Na sisi wazazi tusajili watoto wetu wanapozaliwa, tutunze vyeti, tusimpe ushahidi wa uongo asiyestahiki, wala tusimnyime ushahidi wa kweli jirani aliyeshukiwa.

Mtume alimuusia Mu'aadh alipomtuma Yemen aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani haina pazia mbele ya Allah. Dua hiyo haiulizwi pasi wala kibali.

Wallaahu a'lam.