Banda la ndege: Hesabu miaka ya mkataba kabla ya mabati

Na MWANDISHI WETU

MNUNUZI wa banda la ndege, au hanga kama linavyoitwa na wenye kazi hiyo, huanza kwa kuinua macho kutazama paa, kisha akainamisha kichwa kuchunguza sakafu. Yote mawili yana umuhimu wake. Hata hivyo, kitu cha kwanza anachopaswa kukagua ni karatasi: mkataba wa ardhi ambayo banda hilo limejengwa juu yake.

Haja ya banda lenyewe haina ubishi. Jua hufifisha rangi ya ndege na kupasua vioo vyake vya plastiki. Mvua huleta kutu, na katika miji ya pwani kama vile Malindi na Ukunda, hewa ya chumvi huiharakisha kutu hiyo. Aidha, ndege iliyoachwa nje bila kutumiwa hugeuka makao ya wadudu.

Madhara ya wadudu hayo si ya kupuuzwa. Mnamo Februari 6, 1996, ndege ya abiria ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuondoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwemo wakafariki. Wachunguzi waliamini kwamba bomba linalosaidia kupima kasi ya ndege lilikuwa limeziba, na aliyeshukiwa zaidi ni nyigu anayejenga kiota kwa udongo. Ndege hiyo ilikuwa imeegeshwa kwa siku kadhaa bila bomba hilo kufunikwa.

Sasa turejelee karatasi. Katika viwanja vya umma kama Wilson, jijini Nairobi, ardhi husimamiwa na Halmashauri ya Viwanja vya Ndege Nchini (KAA). Kiwanja hicho, kilichopewa jina hilo mwaka wa 1962 kwa heshima ya Florence Kerr Wilson, mwanzilishi wa kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929, kina mabanda mengi ya watu binafsi na makampuni. Lakini mwenye banda ni mpangaji wa ardhi. Anapotangaza kuwa anauza, anachouza hasa ni miaka iliyosalia katika mkataba wake, pamoja na chuma na mabati yaliyo juu ya ardhi hiyo.

Sheria huchukulia kwamba kilichojengewa ardhini ni sehemu ya ardhi. Kwa hivyo, muda wa mkataba ukiisha, na ikiwa mkataba wenyewe hausemi vinginevyo, kuta na milango hubaki mikononi mwa mwenye ardhi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Banda linauzwa kwa Sh6 milioni na mkataba umebakisha miaka 6. Mnunuzi atakuwa akilipa Sh1 milioni kila mwaka, kabla ya kodi ya ardhi na kabla ya kubadilisha hata bati moja. Iwapo imesalia miaka 20, gharama hiyo hushuka hadi Sh300,000 kwa mwaka. Banda ni lile lile na bei ni ile ile, ila biashara hizi mbili hazifanani hata kidogo.

Wakili wa mnunuzi anafaa kuuliza maswali manne. Je, muuzaji ana malimbikizi ya kodi? Je, mwenye ardhi amekubali kwa maandishi mkataba uhamishwe? Je, kuna haki ya kuuongeza muda? Na je, mkataba unampa mpangaji ruhusa ya kupitisha ndege hadi kwenye barabara ya kurukia? Swali hili la mwisho husahaulika mara nyingi, ilhali banda lisilo na njia hiyo ni ghala tu.

Wapo wanaopendelea viwanja vya kibinafsi, kwa mfano katika kaunti za Kajiado na Laikipia, ambako mtu anaweza kununua ardhi yenyewe. Huko kuna mtego mwingine. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ni lazima iombwe ndani ya miezi 6 tangu kutiwa saini kwa makubaliano. Bila idhini hiyo, mauzo ni batili. Naye asiye raia, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Karatasi zikiwa sawa, sasa vipimo. Ndege ndogo ya Cessna 172 ina upana wa mita 11 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, na kimo cha mita 2.7 hivi. Cessna Caravan ina upana wa karibu mita 16, na mkia wake unapita mita 4 na nusu. Kipimo kichukuliwe mlangoni, milango ikiwa wazi kabisa, kwa kuwa ukubwa wa ndani haumsaidii mtu ambaye bawa lake limekwama nje.

Ukarabati huanzia juu. Paa linalovuja likiachwa, kila kazi iliyofanywa chini yake itarudiwa. Mabanda ya zamani huenda yameezekwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Haipaswi kuvunjwa kwa nyundo wala kutupwa jaani. Iondolewe na wataalamu kwa kufuata masharti ya Halmashauri ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA).

Sakafu nayo ina siri zake. Sehemu nyingi za kusini mwa Nairobi zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zinazorudi kila baada ya kuzibwa huashiria kwamba tatizo liko chini ya zege. Mhandisi achimbe na kuchunguza kabla fundi hajamwaga saruji mpya, na maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi.

Mlango ndio mzigo mkubwa wa banda. Ule wa kuteleza juu ya reli ni rahisi kutengenezwa, lakini unahitaji nafasi pembeni. Ule unaojikunja kwenda juu hauhitaji nafasi hiyo, ila uzito wake wote huning'inia kwenye boriti la mbele. Usifungwe kabla ya mhandisi kuthibitisha kwamba fremu ya zamani itaustahimili, hasa upepo unapovuma.

Kisha kuna moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni ukitafuta cheche. Ndiyo maana swichi na soketi huwekwa juu ukutani, na ndege hujazwa mafuta nje ya banda ikiwa imeunganishwa na ardhi kwa waya. Mitungi ya kuzimia moto iwe ya povu au unga mkavu, kwani maji huusambaza moto wa petroli. Uchomeleaji wa vyuma usifanywe kamwe ndege ikiwa ndani.

Kazi hizi hazianzi bila vibali: idhini ya mwenye ardhi, idhini ya serikali ya kaunti, na mwanakandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Anayetaka kuinua paa lazima pia aiendee Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA), kwa kuwa kimo cha majengo karibu na viwanja hudhibitiwa.

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Pesa za ununuzi na zikae katika akaunti ya wakili hadi mwenye ardhi atakapoandika kwamba amemkubali mpangaji mpya. Paa bovu hubadilishwa, lakini mkataba uliokwisha hauna fundi.