Keki ndogo za jibini kwenye jiko la maharage

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo ifikapo 2034. Moja ya vyombo vinavyopigiwa debe ni jiko la presha la umeme. Wengi hulinunua kwa ajili ya maharage na makongoro. Leo, kutoka hapa Mzumbe, nataka tulipe kazi ya upole zaidi: keki ndogo za jibini.

Tuanze na yai, kwa kuwa ndilo linaloishika keki hii. Haina hamira, na rojo lake halina unga wa ngano. Yai lililochanganywa na maziwa na sukari huanza kuganda joto likipita nyuzi 70 hivi. Likifika 85, protini zake hujikaza na kukamua maji, na keki hubaki chengachenga. Kazi yote ya mpishi imo kati ya namba hizo mbili.

Sasa, ndani ya jiko la presha mvuke hufika nyuzi 115 hivi. Keki kubwa ingekauka kingo huku moyo wake bado uji. Kibakuli kidogo hupata joto hadi katikati kwa dakika chache tu, kabla kingo hazijaharibika. Ndiyo maana nasisitiza udogo.

Jibini tutengeneze wenyewe. Pasha lita 2 za maziwa hadi yakaribie kuchemka, zima, kisha mimina maji ya ndimu kidogo kidogo, vijiko 4 au 5 vya chakula, ukikoroga taratibu. Uchachu huzifanya protini zishikane mabonge. Chuja kwa kitambaa safi. Utapata kama gramu 300. Maji yanayobaki usiyamwage, yakandie chapati. Ukipata maziwa ya mbuzi kutoka Mgeta, yatumie. Mabonge yake ni laini kuliko ya ng'ombe, hivyo yaache yachuje muda mrefu zaidi.

Saga jibini kwenye blenda pamoja na sukari gramu 80, mtindi mzito vijiko 4 na vanila kidogo, mpaka rojo liwe laini kabisa. Mayai 2 yaingie mwisho, kwa mwiko. Ukiyapiga kwa blenda utaingiza hewa, nayo hewa ikipata joto hutanuka na kuipasua keki. Ponda biskuti gramu 100, changanya na siagi iliyoyeyuka vijiko 3, shindilia chini ya vibakuli 6 vya chuma cha pua, kisha mimina rojo juu.

Weka kikombe kimoja cha maji ndani ya jiko, juu yake stendi, kisha vibakuli vilivyofunikwa kwa foili ili matone ya mvuke yasidondokee keki. Pika kwa presha dakika 5.

Jiko likilia kuashiria mwisho, usiguse vali. Ukiachia presha ghafla, hewa na mvuke vilivyonaswa ndani ya keki hutanuka papo hapo; keki hufura, kisha hupasuka. Subiri dakika 10. Katika dakika hizo joto lililobaki humalizia moyo wa keki taratibu, jambo ambalo moto haungeliweza bila kuiharibu.

Fungua, tikisa kibakuli. Kingo zikitulia na katikati pakicheza kama jeli, imeiva. Ukisubiri pakauke umechelewa, kwani baridi ndiyo itakayoikaza. Iache ipoe, iweke kwenye friji kwa saa 4, kisha kamulia juu pesheni ya Uluguru. Uchachu wake hukata uzito wa jibini, na rangi yake ndiyo pambo pekee keki hii inalohitaji.