Amri ya Sekunde Moja Inapokula Saa Tano

Tarehe 8 Novemba 2018, watumiaji wa Basecamp, programu ya Kimarekani ya kuratibu kazi za ofisini, walijikuta wanaweza kusoma tu, kuandika hawawezi. Karibu saa 5 zilipita hivyo. Jedwali moja la kanzidata yake lenye pilikapilika nyingi lilikuwa limefika namba 2,147,483,647, ukomo wa namba kamili ya biti 32, na safuwima ya utambulisho haikuwa na pa kuweka namba inayofuata.

Dawa yenyewe si siri: safuwima hiyo ipanuliwe kutoka biti 32 hadi 64. Tena Rails, zana iliyozaliwa humohumo Basecamp, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2017 ilikuwa ikiyapa majedwali mapya biti 64 moja kwa moja. Majedwali ya zamani hayakuguswa. Kwenye kompyuta ya fundi, yenye mistari mia mbili ya majaribio, amri ya kuipanua humalizika kabla hajainua kidole. Kwenye jedwali lililoshiba kiasi kile, ni kazi ya saa kadhaa.

Msimbo wa programu ukiharibika, hurudishwa wa jana. Kanzidata hairudishwi kirahisi hivyo, kwa sababu ndani yake mna oda na malipo yaliyoingia tangu asubuhi. Ndiyo maana kila badiliko la muundo huandikwa kwenye faili yake yenye namba, ikahifadhiwa pamoja na msimbo. Zana kama Flyway huweka jedwali dogo ndani ya kanzidata yenyewe, la kukumbuka faili zipi zimeshapita. Mtu akiichokonoa faili iliyokwisha kutumika, Flyway ikikagua huona alama yake imebadilika, na hugoma.

Faili hizo hutatua suala la mpangilio tu. Linabaki la muda, na hapa wengi huumia.

Tuseme safuwima “simu” inabadilishwa jina iwe “namba_ya_simu”. Toleo jipya halifiki kwenye seva zote kwa mkupuo. Kwa dakika kadhaa la zamani na jipya hufanya kazi bega kwa bega, na la zamani bado linaulizia “simu”. Mafundi wazoefu hawabadilishi jina kabisa. Huongeza safuwima mpya, programu ikaandika kote kuwili, data za zamani zikanakiliwa kidogo kidogo, kisha usomaji ukahamia kwenye mpya. Inachosha, lakini mteja hahisi lolote.

Kufuli nalo lina vituko vyake. Katika PostgreSQL, amri ya kubadili jedwali mara nyingi hutaka jedwali zima liwe lake peke yake. Ikikuta ripoti ndefu bado inasoma, husubiri. Na wanaokuja baadaye hupanga foleni nyuma yake, hata waliotaka kusoma tu. Tovuti huonekana imekufa ilhali hakuna kilichovunjika. Mpangilio uitwao lock_timeout huiambia amri ikate tamaa baada ya sekunde chache, ijaribiwe tena baadaye.

Hatua ya mwisho, ya kufuta safuwima ya zamani kama ile ya “simu”, huachwa kwa wiki nzima au zaidi, na si uvivu. Ikifutwa mapema, faili ya kutengua badiliko huirudisha safuwima hiyo, jina na aina yake vilevile, ila tupu.