Mwili Mzito, Pumzi Fupi

Kivu Kusini tuna jina letu la utapiamlo: bwaki. Kila mzee analijua: miguu iliyovimba, nywele zilizopauka, mtoto asiyecheka. Kule Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, watoto wa namna hiyo wametibiwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana mashavu yaliyojaa hupokewa kwa furaha: mtoto amenona, nyumba ina baraka.

Lakini mtoto huyo akipanda mlima wa Kadutu mjini Bukavu, akasimama katikati huku kifua kinalia kama filimbi, tusiseme ni uzito tu unaomchosha. Huenda ni pumu, ile tunayoiita asma, na huenda unene wenyewe unaichochea.

Mafuta yakijaa tumboni na kifuani, mapafu hayapati nafasi ya kutanuka. Mtoto huvuta pumzi fupifupi, na misuli inayozunguka njia za hewa, isiponyooshwa na pumzi ndefu, hukaza upesi. Tena mafuta hayo hayakai bure mwilini: hutoa kemikali, leptini ikiwa mojawapo, zinazochochea uvimbe hadi kwenye mapafu. Uvimbe wa aina hiyo mara nyingi hauitikii vizuri dawa za kawaida za kuvuta. Juu yake uje moshi wa makala, yaani mkaa, unaofuka kwenye mbabula ndani ya nyumba.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu watoto zaidi ya 500,000, ulionyesha kuwa hatari ya kupata pumu ilizidi kwa takriban asilimia 30 kwa watoto wenye unene uliopitiliza. Mwaka 2017, watafiti wa California walikuwa wameonyesha upande wa pili. Kati ya watoto 2,171 ambao hawakuwa wanene mwanzoni, wenye pumu walikuwa na hatari ya kunenepa kupita kiasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 51. Waliotumia dawa ya kutuliza shambulio walipungukiwa na hatari hiyo.

Hapa ndipo upendo wetu unapokosea njia. Mtoto akibanwa kifua tunamwambia akae, asicheze mpira. Anakaa, ananenepa, anabanwa zaidi.

Asinyimwe chakula, maana bado anakua. Bugali na sambaza, maharagi na lengalenga vibaki mezani; soda na mandazi vipungue. Apimwe, apate dawa yake, kisha aachwe acheze.

Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni na kuchomekwa pampu ya dawa bila kuacha mwanya, humfaa mtoto aliyebanwa sawasawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa. Chupa kama hizo zimetapakaa Bukavu nzima. Soda yake ilimzidishia mtoto uzito. Tupu, ikiwa na dawa, itamsaidia kuumaliza mlima wa Kadutu.