Mtumbwi unaong'aa si lazima uwe mzima



Sisi wa Kasongo tunategemea mto Lualaba, na wenzetu wa Kabambare wanategemea Luama, unaomwaga maji yake katika Lualaba. Mchele, mihogo, mawese na watoto wetu, vyote vinavuka ndani ya mtumbwi. Juma hili tunazungumza namna ya kuurudishia sura mtumbwi uliofifia, bila kuficha ubovu chini ya rangi.

Jua na mvua hugeuza mti kuwa wa kijivu, na upande wa majini unashika utelezi wa kijani. Hayo yako juu juu, yanatoka kwa kusugua. Kuoza hakutoki kwa kusugua, na ndiko kunakozamisha watu.

Kazi inafaa wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, na inafuata mpango huu:

1. Kuvuta. Mtumbwi upandishwe nchi kavu, ufunikwe kifudifudi kivulini. Ukiachwa juani, ngozi yake inakauka upesi kuliko moyo wake, nao unapasuka, hasa kwenye ncha zake mbili.

2. Kusugua. Tunatumia burashi ngumu, maji na mchanga mwembamba, tukifuata mistari ya mti. Kisha tunasuuza na kuuacha ukauke polepole.

3. Kuchunguza. Tuchome kwa ncha ya kisu. Mti mzima unakataa kisu. Uliooza unakipokea kama muhogo uliochemshwa. Tuangalie sana ndani chini, panapotuama maji ya mvua, na kando ya misumari ya viraka.

4. Kuziba. Fundi akate kilichooza mpaka afikie mti mgumu, ndipo azibe. Udongo na matambara peke yake vinachukuliwa na maji.

5. Kupaka. Hii ni ya mwisho, mti ukiwa umekauka. Rangi juu ya mti wenye maji inafungia unyevu ndani, na uozo unaendelea bila kuonekana. Mawese yanang'arisha siku chache tu: hayakauki, na vumbi linashika juu yake. Mafuta machafu ya mota tuyakatae kabisa, maana yanaingia katika maji tunayoteka na kunajisi magunia ya chakula.

Mafundi wa majahazi wa Zanzibar na Lamu nao wanafuata mpango huo. Wanapandisha chombo ufukweni, wanakisugua, wanaziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta, kazi inayoitwa kukalafati. Mwishoni ndipo wanapaka sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kung'aa kunakuja baada ya uzima.

Basi, kikundi chenye mtumbwi wake kichague siku ya kazi na kitenge pesa ya fundi mapema. Sisi tunaolipa ili kuvushwa, tusimwulize baba mwenye mtumbwi alipaka rangi lini. Tumwulize kwa heshima: «Baba, uliziba lini, na ndani pamekaguliwa?» Tukiona maji yanapanda chini ya magunia kabla hatujaondoka ukingoni, tushuke na watoto wetu. Soko litakuwapo tena juma lijalo.